The Chieftains: Wazee wa Ireland waliotimiza miaka 50 kwa kugawana jukwaa

KUNDI la muziki linapofikisha nusu karne, njia rahisi ya kusherehekea ni kukusanya nyimbo zilizouza zaidi, kuzivika jalada jipya na kuzirudisha sokoni. The Chieftains, kundi la muziki wa asili kutoka Dublin, Ireland, lilichagua njia nyingine. Februari 2012 lilitoa albamu ya kutimiza miaka 50, Voice of Ages, ambayo karibu kila wimbo una mgeni. Wengi wa wageni hao walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa kundi lilipoanza.

Kiongozi wa kundi, Paddy Moloney, alikuwa na umri wa miaka 73 wakati huo. Alikwisha kurekodi na vigogo wa muziki duniani, wakiwamo Mick Jagger, Sting na Van Morrison, na hakuhitaji kijana wa kumbeba. Suala lililokuwa mezani lilikuwa zito kuliko mauzo ya albamu moja: wazee wakiondoka, nani atazipiga nyimbo hizi?

Jibu lake lilikuwa lilelile alilolifanyia kazi maisha yake yote, kwamba muziki wa nyumbani huishi pale unapovuka mpaka na kupata watu wapya wa kuupenda. Na katika kisiwa alichozaliwa, mpaka halikuwa jambo la kuchezea.

Kazi ya ofisini mchana, zumari usiku

Moloney alizaliwa Dublin mwaka 1938. Alianza na filimbi ya bati, kisha akafundishwa zumari ya Kiairishi na mwalimu mashuhuri, Leo Rowsome. Zumari hiyo, iitwayo uilleann, haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji huketi, akaminya mivukuto kwa kiwiko ili hewa ijaze mfuko alioubana kwapani upande wa pili, huku vidole vikicheza juu ya matundu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiairishi lenye maana ya kiwiko.

Mwaka 1962 alikusanya wenzake wanne: Seán Potts wa filimbi ya bati, Michael Tubridy wa filimbi ya mbao, Martin Fay wa fidla na David Fallon wa bodhrán, ngoma ya duara iliyowambwa ngozi upande mmoja, inayofanana sana na dufu. Kadhaa kati yao walikuwa wamepita mikononi mwa Seán Ó Riada, mtunzi aliyeutoa muziki huo kwenye dansi za vijijini na kuupanga kwa ajili ya ukumbi, hadhira ikiwa imeketi inasikiliza. Jina la kundi lilitoka kwenye kitabu cha hadithi cha mshairi John Montague. Albamu ya kwanza ilitolewa na Claddagh Records, kampuni ndogo iliyoanzishwa na Garech Browne, mtu wa ukoo wa Guinness, wale wa bia.

Hakuna aliyeacha kazi yake. Moloney alikuwa akishika hesabu katika kampuni ya vifaa vya ujenzi, na wenzake nao walikuwa na ajira zao za mchana. Mazoezi yalikuwa ya jioni, na maonyesho yalikuwa ya mwisho wa wiki na siku za likizo. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 13.

Mambo yalibadilika tarehe 17 Machi 1975, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, walipojaza Royal Albert Hall jijini London, ukumbi unaochukua watu zaidi ya 5,000. Mwaka huohuo filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick ilitoka ikiwa na muziki wao, na watu waliokuwa hawajui Ireland iko upande gani wa ramani wakaanza kuuliza ni akina nani hao. Ndipo wakaacha ajira na kuufanya muziki kuwa kazi yao.

Mpaka wenye forodha na bunduki

Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Kaunti sita za kaskazini zilibaki chini ya Uingereza, na 26 zilizosalia zikawa nchi inayojitawala. Kati yake ukachorwa mpaka wa karibu kilomita 500, unaokata mashamba, mito na barabara za vijiji.

Aprili 1923 vituo vya forodha vilifunguliwa, na yaliyofuata hayahitaji kuelezwa kirefu kwa mtu wa Namanga, Busia au Rusumo. Kulikuwa na karatasi na foleni, na kulikuwa na barabara zilizoidhinishwa na nyingine zisizoidhinishwa. Kulikuwa pia na magendo ya siagi, ng'ombe na nguruwe, yakifuata upande wenye bei nzuri msimu huo. Ukaguzi wa forodha uliendelea kwa miaka 70, hadi soko la pamoja la Ulaya lilipouondoa Januari 1993.

Lakini mpaka huo ulikuwa pia na damu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998, zaidi ya watu 3,500 waliuawa katika mgogoro kati ya waliotaka kaskazini ibaki Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na waliotaka iungane na kusini, wengi wao Wakatoliki. Katika sehemu za mpaka jeshi la Uingereza lilijenga minara ya ulinzi na kulipua au kuziba barabara ndogo.

Wanamuziki hawakusalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1975, miezi minne tu baada ya The Chieftains kujaza ukumbi London, bendi ya dansi ya Miami Showband ilikuwa ikirudi Dublin kutoka mji wa Banbridge, kaskazini. Bendi hiyo ilikuwa na Wakatoliki na Waprotestanti, watu wa pande zote mbili za mpaka. Karibu na Newry gari lao lilisimamishwa kwenye kizuizi na watu waliovaa sare za jeshi. Kizuizi kilikuwa cha uongo, kimewekwa na wanamgambo wa UVF waliotaka kuficha bomu ndani ya gari ili lilipuke likiwa njiani. Bomu lililipuka mapema na kuwaua wanamgambo wawili. Wenzao wakawafyatulia risasi wanamuziki, na watatu wakafa. Kwa miaka mingi baada ya tukio hilo, bendi nyingi za kusini ziliogopa kupanda kaskazini.

Katika mwaka huo huo wa hatari, The Chieftains walikuwa na mpiga kinubi aitwaye Derek Bell. Alikuwa Mprotestanti wa Belfast, mwanamuziki wa okestra ya BBC ya Ireland Kaskazini, mtu wa suti na tai aliyesomea muziki wa Ulaya. Yeye na Moloney walikutana mwaka 1972 kupitia kipindi cha BBC kuhusu Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyeishi kati ya 1670 na 1738. Kwa muda Bell aligawa maisha yake kati ya okestra ya Belfast na kundi la Dublin, kabla ya kulichagua kundi moja kwa moja.

Alibaki nalo karibu miaka 30, hadi alipofariki Oktoba 2002 mjini Phoenix, Marekani. The Chieftains hawakuwa watu wa kuhutubia siasa jukwaani. Lakini katika miaka ambayo mtu aliweza kuuawa kwa sababu ya kanisa alilobatizwa, Mprotestanti wa kaskazini aliketi usiku hadi usiku kati ya Wakatoliki wa kusini, wakipiga tuni moja ambayo hakuna upande uliojua kuigawa.

Mgeni huja na soko lake

Baada ya 1975 safari hazikukoma. Septemba 1979 walipiga mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili katika bustani ya Phoenix Park, Dublin, walikokusanyika watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 1983 walikwenda China na kupiga juu ya Ukuta Mkuu. Mwaka 1989 serikali ya Ireland iliwatangaza rasmi kuwa mabalozi wa muziki wa nchi hiyo.

Wakati huo Moloney alikuwa amekwisha kugundua njia ya kualika. Mwaka 1988 walitoa Irish Heartbeat pamoja na Van Morrison, nyota wa Belfast. Mwaka 1995 ikaja The Long Black Veil, yenye Jagger na wenzake wa Rolling Stones, Sting, Sinéad O'Connor, Mark Knopfler na Tom Jones. Mwaka uliofuata walitoa Santiago, iliyofuata nyuzi za muziki wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako pia hupigwa zumari ya mfuko. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya San Patricio, waliyoifanya na Mmarekani Ry Cooder na wanamuziki wa Mexico, kuhusu kikosi cha Waairishi waliolihama jeshi la Marekani na kupigana upande wa Mexico katika vita vya 1846 hadi 1848.

Utaratibu ulikuwa unaeleweka. Mara nyingi mgeni alipewa wimbo wa zamani, au alikuja na wake wenye mizizi ya karibu, akauimba kwa sauti na lafudhi yake. Kundi lilibaki nyuma yake na zumari, fidla, filimbi na kinubi. Hakuna aliyelazimishwa kujifanya Mwairishi, na zumari haikugeuzwa kuwa gitaa. Shabiki wa Jagger alinunua albamu kwa sababu ya Jagger, akatoka na wimbo wa karne mbili zilizopita. Shabiki wa zumari naye alimsikia Jagger kwa sikio jipya.

Wako waliolalamika. Kwa wapenzi wa muziki wa asili wenye msimamo mkali, kila mgeni mwenye jina kubwa alikuwa hatua moja ya kuuza urithi kwa bei ya rejareja. Lalamiko hilo lina uzito, kwa kuwa zipo albamu ambazo mgeni anasikika kuliko wenyeji, na zipo nyimbo ambazo fidla imebaki pambo tu. Kilichowakinga The Chieftains ni kwamba katikati ya albamu za wageni waliendelea kutoa na kupiga muziki wao wenyewe, na kila mmoja wao alikuwa bingwa wa ala yake hata bila mgeni. Aliyekuja kuimba nao alilazimika kupanda hadi walipo wao.

Vijana waingia mlangoni

Voice of Ages ilisimamiwa na Moloney pamoja na T Bone Burnett, mtayarishaji Mmarekani aliyeutengeneza muziki wa filamu ya O Brother, Where Art Thou?, ulioamsha upya hamu ya Wamarekani kwa nyimbo zao za zamani za vijijini. Ilitoka kupitia Hear Music, jina linalohusishwa na kampuni ya kahawa ya Starbucks, ambayo wakati huo iliweka sahani za muziki kando ya mashine ya kulipia kahawa.

Safari hii waliokaribishwa walikuwa kizazi kipya. Bon Iver, Mmarekani wa Wisconsin, aliimba wimbo wa zamani wa mauaji uliohifadhiwa na watu wa milima ya Appalachia. Siku tisa kabla ya albamu kutoka, alikuwa ametwaa tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora. Usiku huohuo wawili wa The Civil Wars, ambao nao wamo katika albamu, walitwaa tuzo yao ya muziki wa folk. The Decemberists walikuja na wimbo wa Bob Dylan. Paolo Nutini, Mskoti mwenye asili ya Italia, aliimba wimbo wa Stephen Foster wa katikati ya karne ya 19 kuhusu nyakati ngumu. Kutoka Ireland yenyewe walikuwapo Imelda May na Lisa Hannigan, na kutoka Galicia alirudi mpiga zumari Carlos Núñez.

Ukizitazama kwa makini, nyimbo nyingi kati ya hizo zilikuwa bidhaa zinazorudi nyumbani. Waairishi na watu wa Ulster walianza kuhamia Marekani karne ya 18, wakabeba tuni zao. Kisha ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani. Karibu watu milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Wengi hawakuwa na mzigo wa maana, lakini nyimbo hazikulipiwa nauli. Huko ng'ambo zilibadilishwa maneno, zikapigwa kwa ala nyingine, zikapata wenyewe wapya. Mwaka 2012 wajukuu wa wajukuu hao walizirudisha mbele ya zumari.

Banjo, mali ya Afrika

Mgeni anayemgusa msomaji wa bara hili kwa karibu zaidi ni Carolina Chocolate Drops, kundi la vijana Weusi wa North Carolina. Vijana hao, akiwamo mwimbaji na mpiga banjo Rhiannon Giddens, walikwenda kwa mzee Mweusi aitwaye Joe Thompson, mpiga fidla wa kizazi cha mwisho kilichojua muziki huo kwa kurithishwa nyumbani, wakajifunza kwake nyimbo ambazo wengi walidhani ni za Wazungu peke yao.

Kiini cha habari yao ni banjo. Wengi huiona kama ala ya mkulima Mzungu wa Marekani, na wapenzi wa muziki wa Kiairishi wameizoea kiasi cha kuihesabu kuwa ya kwao. Ukweli ni kwamba banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliouzwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Marekani, waliotengeneza kwa vibuyu na ngozi mfano wa ala za nyuzi walizozijua Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1840 wasanii Wazungu wa Marekani, waliojipaka masizi usoni kuwaigiza na kuwadhihaki Weusi, waliivusha bahari hadi Uingereza na Ireland. Ikabaki huko. Leo ni nadra kukosa banjo katika baa ya Ireland yenye muziki wa asili.

Kwa hiyo Carolina Chocolate Drops walipopiga na The Chieftains, waliokutana walikuwa wenyeji wa biashara moja ya zamani ambayo upande mmoja haukuwahi kulipwa. Hakuna hotuba katika wimbo huo. Banjo na zumari zinakimbizana tu, na fidla inaingia katikati.

Filimbi angani

Mgeni wa mbali kuliko wote hakuwa mwanamuziki kwa kazi yake. Mwanaanga wa Marekani, Cady Coleman, mpiga filimbi na rafiki wa kundi, alikaa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kuanzia Desemba 2010 hadi Mei 2011. Alikuwa amebeba filimbi ya bati ya Moloney na filimbi ya mbao ya Matt Molloy, aliyejiunga na kundi mwaka 1979. Machi 2011, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, alizipiga akielea ndani ya kituo hicho, na rekodi yake ikaingia katika albamu.

Albamu ina pia wimbo wa mkutano wa wakongwe, uliowarudisha pamoja waliopita katika kundi. Ilikuwa bahati kwamba ulifanyika mapema. Martin Fay, mpiga fidla wa tangu 1962, alifariki Novemba mwaka huohuo wa 2012. Seán Potts alifuata mwaka 2014.

Kilichobaki

Agosti 2013, mwaka mmoja na nusu baada ya albamu, tamasha kuu la muziki wa asili la Ireland, Fleadh Cheoil, lilifanyika Derry. Lilikuwa likiandaliwa tangu 1951, na ilikuwa mara ya kwanza kupelekwa Ireland Kaskazini. Chama kinacholiandaa, Comhaltas, kilikuwa na matawi pande zote mbili za mpaka. Kilichochukua zaidi ya miaka 60 ni kufanya ionekane salama kuwaita watu wote huko.

Uingereza ilipopiga kura mwaka 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, hofu ya kwanza kisiwani humo ilikuwa vituo vya forodha kurudi barabarani. Baada ya miaka ya mabishano ilikubaliwa kwamba bidhaa zikaguliwe bandarini, zinapotoka upande wa pili wa bahari, ili mpaka wa nchi kavu ubaki wazi. Lori la Newry linakwenda Dundalk leo bila kusimama, na gari la bendi pia.

Paddy Moloney alifariki Dublin Oktoba 2021 akiwa na miaka 83. Seán Keane, mpiga fidla wa kundi tangu 1968, alifariki Mei 2023. Kundi lilikuwa limekusanya tuzo sita za Grammy, na kundi kama lile halitarajiwi kuundwa tena.

Mei hiyohiyo ya 2023, Rhiannon Giddens, msichana wa banjo aliyealikwa kwenye sherehe ya miaka 50, alitunukiwa pamoja na Michael Abels tuzo ya Pulitzer ya muziki. Waliipata kwa opera ya Omar, kuhusu Omar ibn Said, Mwislamu msomi wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani na kufikishwa Carolina. Giddens aliitunga akiwa amekwisha kuhamia Ireland, katika eneo la Limerick, ambako banjo ya kibuyu na zumari ya kiwiko ziko umbali wa meza moja.